Mgeni Kutoka Aldcombe

Mama Nasambu alimshika mgeni wake mkono, akamwongoza hadi kwenye ukuta wa sebule na kumwonyesha picha iliyotundikwa juu ya redio. Ilikuwa picha ya kanisa la mawe, fupi na pana kama kuku aliyeatamia, lenye mnara wa mraba na makaburi yaliyoinama huku na kule katikati ya nyasi mbichi.

"Hili ndilo kanisa la binti yangu," akasema. "Yuko Uingereza. Kijiji chao kinaitwa Olikomu. Hapo ndipo anaposali kila Jumapili."

"Ni kanisa zuri," mgeni akajibu.

"Zuri sana. Tena linajaa. Aliniambia mwenyewe kwa simu, kwamba ukichelewa hupati pa kukaa."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, kisha akageuka kutazama nje ya dirisha. Jina lake lilikuwa Nafuna. Yeye ndiye aliyeipiga picha ile asubuhi moja ya baridi, na yeye ndiye aliyesema maneno yale kwenye simu. Alikuwa binti wa pekee wa Mama Nasambu, na alikuwa amerudi Ngoingwa, mtaa wa Thika, baada ya miaka mingi ya kusema kwamba atarudi.

Jared, mdogo wake, alikuwa amemwonya. "Mama amebadilika," alimwambia. "Kuna siku ananijua, kuna siku ananiita Baba." Lakini Nafuna alikuwa ameyasikiliza maneno hayo kama mtu anayesikiliza habari za mvua ya mji mwingine. Alijiambia kwamba mama akiuona uso wake, ukungu wote utaondoka. Teksi iliposimama langoni alishuka mbio, mikono wazi. Mama alimtazama kwa adabu, akafuta viganja kwenye leso yake, akampokea kwa heshima ambayo watu humwekea askofu.

"Karibu, mgeni wetu. Umetoka mbali?"

"Mama, ni mimi. Nafuna. Nimetoka Uingereza."

"Ala, hata binti yangu anaitwa Nafuna," mama alisema, uso ukichangamka. "Naye yuko huko huko. Huenda mnajuana."

Tangu siku hiyo alihudumiwa kama mgeni katika nyumba aliyoijenga yeye mwenyewe kwa pesa alizotuma kutoka Uingereza. Alipewa kikombe chenye maua. Alikatazwa kuosha vyombo. Kila alipojaribu kusema mimi ni mwanao, mama alicheka kwa upole, kama mtu anayemvumilia mgeni mwenye mzaha wa kurudiarudia.

Jambo lililomkata maini zaidi lilikuwa la kuoga. Kazi ya Nafuna huko alikotoka ilikuwa kutunza wazee. Alikuwa amewaosha migongo, amewakata kucha, amewavalisha soksi watu ambao hata jina lake hawakuweza kulitamka. Lakini alipoingia na beseni la maji ya uvuguvugu kumwogesha mama aliyemzaa, mama alijifunika shuka mpaka kidevuni.

"Utaniogeshaje na wewe ni mgeni? Binti yangu akisikia, atanionaje? Niitie Ngendo."

Ngendo, mwanamke wa makamo kutoka Gitothua aliyeajiriwa na Jared, akaja na kuchukua beseni. Nafuna alisimama kwenye korido, akasikia maji yakimwagika na mama akicheka hadithi fulani ya sokoni. Ngendo alipotoka, alimkuta pale pale.

"Auntie, usiiweke moyoni," alimwambia. "Shosho hakukatai wewe. Anamlindia mtoto wake heshima. Shida ni kwamba huyo mtoto ni wewe."

Nafuna alimpokea beseni, akaenda kumwaga maji nje.

Mchana ule alikaa peke yake nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo, akamkumbuka Bi Hollis. Huyo alikuwa ajuza wa Aldcombe, kijiji ambacho mama alikiita Olikomu, na Nafuna alikuwa amemtunza kwa muda mrefu, katika nyumba iliyotazamana na lango la kanisa. Kila asubuhi Bi Hollis alimwita Joan. Joan alikuwa dada yake, aliyefariki wangali wasichana. "Joan, umewafungia kuku?" angeuliza, na Nafuna angejibu, "Nimewafungia," ijapokuwa hapakuwa na kuku hata mmoja. Hakuona haya kuwa Joan. Lilikuwa jambo jepesi, kama kumvalia mtu koti. Mbona basi hapa, kwa mama yake, koti hilo lilimbana hadi pumzi ikamwishia? Labda, aliwaza, ni kwa sababu Bi Hollis hakuwa amemnyang'anya chochote. Mama alikuwa amemnyang'anya jina lake, akampa mwanamke mwingine aliyekuwa mbali, mwema kuliko yeye, anayesali katika kanisa linalojaa.

Kanisa lile halikujaa hata siku moja. Lilikuwa kuukuu kiasi kwamba majina kwenye makaburi ya nje yalikuwa yamelika, yakabaki mikwaruzo tu chini ya kuvu la kijivu. Mlango wake ulikuwa mfupi, na aliyeingia sharti ainamishe kichwa. Ndani kulikuwa na baridi iliyokaa katika mawe kama deni lisilolipika, na viti virefu vya mbao vyeusi ambavyo kila ukoo wa kijiji, hata wa Bi Hollis, ulikuwa na chake. Hakuna aliyekwambia usikae hapo. Ungekaa, na mtu angekuja, angesimama kidogo, angetabasamu, angeenda kuketi kwingine, nawe ungejua. Kwa hiyo Nafuna alikaa nyuma kabisa, karibu na hita ya mafuta ya taa iliyonuka kuliko ilivyopasha joto. Waliokuja walikuwa wachache, wote wazee. Wakati mwingine kasisi, aliyegawanya Jumapili yake kati ya vijiji kadhaa, alihubiri huku akitupia jicho saa yake.

Jared alifika siku ya Alhamisi jioni kutoka Ruiru, akiwa bado na sare ya kazini. Alimvuta dadake pembeni.

"Ngendo anatuacha mwisho wa mwezi," alisema. "Binti yake wa Mwiki amejifungua mapacha, lazima amsaidie. Mimi niko shift, mke wangu yuko dukani. Wewe una tikiti ya kurudi. Nimepata nyumba ya wazee Ruiru, mahali pasafi, kuna manesi. Nimeongea nao. Jumamosi tunampeleka."

"Akikataa?"

"Atakataaje, na hatajua ni wapi?" Jared alisema, kisha akashusha macho, kama mtu aliyejisikia akisema. "Nafuna, mimi nimechoka. Sikulaumu, lakini nimechoka."

Nafuna alitaka kubishana. Lakini aliona tu beseni lile la maji na shuka iliyovutwa mpaka kidevuni. Kama hamjui, awe hapa au kwingine, atunzwe na yeye au na nesi wa Ruiru, tofauti iko wapi?

"Sawa," alisema. "Jumamosi."

Siku ilipofika, alipanga nguo za mama kwenye begi la buluu: magauni, sweta, kitambaa cha kichwa cha chama cha akina mama kanisani, Biblia ya Kibukusu iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Aliliweka begi karibu na mlango. Ngendo alikuwa amemvisha mama gauni lake la Jumapili na kumketisha kibarazani, kwenye benchi lililotazama barabara. Jua lilikuwa jepesi. Ng'ambo ya ua mafundi walikuwa wakipiga plasta gorofa mpya, na bodaboda zilipita zikielekea mjini.

Nafuna alimletea chai, akasimama kando.

"Naona begi lako liko mlangoni," mama alisema. "Kwa hiyo unatuacha."

Nafuna aligeuka akalitazama begi, akamtazama mama, akashindwa kusema begi lile ni la nani.

"Kila mgeni na safari yake," mama akaendelea. "Ila kabla hujaenda, nina neno moja. Ukifika huko, nitafutie binti yangu. Uniangalilie kitu kimoja tu."

"Kitu gani, Mama?"

"Kanisani anakaa na nani."

Mafundi ng'ambo waliitana, mmoja akacheka. Mama alikizungusha kikombe mikononi.

"Mimi najua halijai," alisema. "Nafuna wangu akitaka kunituliza kwa uongo, sauti yake hupanda mwishoni. Tangu akiwa mtoto. Sikumwambia kwamba najua. Angeona aibu, halafu asingenipigia tena." Alikunywa kidogo. "Nilipotoka Kimilili kuja hapa Thika, nikaanza kazi kwenye kiwanda cha matunda, Jumapili ya kwanza nikaenda kanisani. Watu waliimba kwa lugha yao, mimi sikuwa na hata neno moja. Walinisalimu vizuri, siwezi kuwasingizia. Lakini benchi langu lilikuwa langu peke yangu. Nilikaa hivyo mwaka mzima. Unajua, kupitia shida peke yako si kitu, unaizoea. Lakini kuimba peke yako katikati ya watu, hiyo baridi yake ni nyingine. Mimi ndiye niliyemwambia binti yangu aende. Nilimsukuma. Sasa kila Jumapili nikiketi nauliza, huyu mtoto amekaa na nani?"

Maneno yalimjaa Nafuna mdomoni, yale yale ya siku zote: mimi ndiye, nitazame. Aliyahisi yakisukumana nyuma ya meno. Kisha akamwona mama akimtazama kwa matumaini, kama mtu amtazamavyo yule aliyetoka kule aliko mpendwa wake, na akaelewa kwamba akiyasema atakuwa amemnyima jibu. Mama hakuwa akimtafuta binti wa kumkumbatia. Alikuwa akimtafuta shahidi.

"Nimemwona," Nafuna alisema.

Mama aliweka kikombe chini.

"Anakaa nyuma," Nafuna akaendelea, taratibu, sauti yake ikikaa chini. "Mwanzoni alikaa peke yake, kama ulivyokaa wewe. Msimu mzima wa baridi. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Hawakujua tu la kumfanyia. Lakini kuna mzee mmoja pale, mfugaji wa kondoo. Ukoo wao una kiti chao mbele kabisa, tangu enzi za mababu wa mababu zake, hata jina lao limechongwa kwenye mbao. Jumapili moja kulikuwa na barafu njiani, watu walikuja wachache zaidi. Mzee akaingia na fimbo yake. Akafika kwenye kiti chao, akakitazama. Halafu akageuka, akarudi nyuma, tap, tap, watu wote wakimwangalia, mpaka kwenye benchi la binti yako. Akaketi."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alifungua kitabu cha nyimbo, akakishika katikati yao, nusu yake na nusu ya binti yako. Wakaimba. Yeye haimbi vizuri, anakoroma. Walipomaliza akasema, 'Baridi leo.' Basi. Jumapili iliyofuata akarudi pale pale. Na iliyofuata."

"Mpaka sasa?"

"Mpaka sasa. Ila amezeeka. Magoti yanamsumbua, kuinuka ni taabu. Binti yako humshika kiwiko."

Mabega ya mama yalishuka polepole, kama ya mtu aliyetua mtungi baada ya kupanda mlima. Nafuna hakuwahi kumsimulia mtu yeyote kisa hicho. Kilikuwa kidogo mno kusimuliwa kwa simu, na kukisimulia kungemlazimu kwanza kueleza habari ya benchi tupu. Alijifuta macho kwa kiganja, na mama hakuona, au aliona akaacha.

"Anaitwa nani mzee huyo?"

"Wilfred."

"Wilfredi?" Mama alicheka, mara ya kwanza asubuhi ile. "Hilo ni jina la kwetu. Mjomba wangu wa Kimilili aliitwa Wilfredi. Basi huyo si mtu wa kando." Alisogea kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyoachwa. "Keti hapa. Mbona umesimama muda wote? Nataka nimwombee magoti."

Nafuna aliketi. Bega lake liligusana na bega la mama, na mama hakujivuta.

Gari la Jared lilipiga honi langoni. Aliingia haraka, funguo mkononi, akasimama chini ya ngazi ya kibaraza.

"Mko tayari? Wanatungoja kabla ya saa sita."

"Keti kwanza, Jared," Nafuna alisema. "Mama anaombea watu."

"Watu gani?"

"Watu wa Aldcombe."

Jared alimtazama dadake kwa muda, akitafuta usoni mwake yale waliyokubaliana, asiyaone. Kisha akavua kofia, akaketi kwenye ngazi, mgongo wake kwao.

Mama alikuwa amekwisha kufumba macho. Aliomba kwa Kibukusu, bila papara, akimtaja Wilfredi na magoti yake, na kondoo wake, na njia yake yenye barafu. Alipomaliza hakusema amina. Alinyoosha mkono bila kufumbua macho, akaupata mkono wa mgeni.

"Na wale wengine?" aliuliza. "Wanaokaa mbele. Hao nao wana majina. Nitajie, lakini polepole, mmoja mmoja, wasije wakanipotea."

Nafuna akavuta pumzi, akaanza na Bi Hollis.