Mtetezi wa Mashine ya Kahawa

Mashine ya kukoboa kahawa aliyoiacha marehemu mumewe ilikaa kwenye mnada wa mtandaoni wiki nzima bila mtu hata mmoja kuitajia bei. Vestina alijua sababu. Bei ya kuanzia ilikuwa milioni moja, na aliyeing'ang'ania ni shemeji yake, Byarugaba wa Izigo.

"Kitu cha kaka yangu kianzie elfu hamsini, mulamu? Bei ya majogoo wawili? Watu watatuonaje?"

Watu! Watu walipita bila hata kugeuza shingo. Na Vestina, fundi nguo wa Kibeta, alihitaji hela kabla ya Jumamosi, la sivyo mashine ya kufumia masweta aliyowekewa Muleba ingeuzwa kwa mwingine, na msimu wa sare za shule ungempita hivi hivi.

Safari hii hakumwuliza mtu. Akaanzia elfu hamsini hiyo hiyo, akaweka na bei ya siri ya laki nane, ambayo isipofikiwa hauzi. Wakaja kama siafu. Laki mbili, laki nne, laki saba. Mzee Kyaruzi wa Kagondo akafika laki tisa, maandishi yakatokea: bei ya siri imefikiwa. Vestina akapiga vigelegele peke yake jikoni.

Mara mtu aliyejiita Mtetezi akatupa milioni moja. Kyaruzi akanyamaza, mnada ukafungwa.

Asubuhi simu ikaita. Ni Byarugaba, anacheka.

"Umeona, mulamu? Mtetezi ni mimi! Nimelinda jina la kaka."

"Mawe!" Vestina akamaka. "Hela unaleta lini?"

"Hela gani tena? Mimi nilikuwa napandisha heshima tu."

Hasira ikampanda Vestina mpaka masikio yakawaka moto. Akampigia Kyaruzi, mzee akamjibu kwa upole kwamba ameshalipia mashine nyingine. Heshima! Heshima haifumi sweta. Akampigia tena Byarugaba.

"Shemeji, kuna uliyemwambia kwamba umeinunua?"

"Jumuiya nzima! Tumetoka kusali sasa hivi, bado wako hapa uani wananipongeza."

"Basi wasiondoke. Naipakia kwenye gari. Utanilipa mbele yao."

Sauti ya Byarugaba ikashuka, ikawa ya mtu aliyejitenga na wageni wake.

"Mulamu, usije leo. Nipe mpaka Ijumaa, niuze ng'ombe."