Kimya Alichokikata Mkasi

Kazini walimwita Mkasi, na jina lilimkaa. Ukimpa mazungumzo ya podikasti yaliyojaa kikohozi na "unajua" zisizoisha, alikurudishia sauti safi, iliyosawazishwa mwanzo mpaka mwisho. Kimya ndicho alichokichukia kuliko vyote. Aliamini msikilizaji akikutana nacho anahama, basi alikuwa ameiagiza programu yake ikifagie chote bila kumuuliza.

Kipindi cha wiki ile kilikuwa cha mama yake mzazi. Zamani kidogo, kaka yake Mkasi alisinzia kwenye usukani, gari likaacha njia, baba yao akafa papo hapo. Baada ya mazishi kaka alihamia mji wa mbali, na simu za Mama hapokei. Ila podikasti ya mdogo wake haimpiti. Mama alilijua hilo, ndiyo maana alikubali kuhojiwa na mtangazaji. Hakuwa na njia nyingine ya kumfikia mwanawe.

"Nisikie kwanza kabla hujaipeleka huko," alisema.

Mkasi akamvisha hedifoni. Faili liliitwa "mwisho", na kama mafaili yote yenye jina hilo, halikuwa la mwisho.

Mama alisikiliza ametulia mpaka mtangazaji alipouliza, "Umemsamehe?" Sauti ya Mama mwenyewe ikadakia, "Nimemsamehe."

Akavua hedifoni. "Nani huyu?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi? Najibu kama niliyeulizwa kama nimekula? Kaka yako si mtoto. Akisikia hivi atajua nadanganya, na ndiyo harudi tena."

Mkasi alijitetea kwamba watu siku hizi hawana subira. Mama akamrudishia hedifoni. Basi Mkasi akafungua faili ghafi, lile la kabla ya kukatwa, ambalo, shukuru Mungu, hakuwa amelifuta, ingawa kompyuta ilikuwa imejaa pomoni.

Kimya kilikuwa kirefu. Kiti kililia. Mama alivuta pumzi, akaanza, "Sija..." akanyamaza. Akameza mate. Kisha, taratibu, "Nimemsamehe."

Vimawimbi vile vidogo vya sauti Mkasi alikuwa ameviona kwenye skrini alipokuwa akihariri, akaviita uchafu.

"Hiyo 'sija' nayo niiache?"

"Iache. Nilipoketi pale nilikuwa sijamsamehe. Nimemsamehe pale pale, mwenzako mtangazaji akinisubiri."

Alirudisha kimya chote, akazima kichujio kinachofuta pumzi za watu, na asubuhi yake akapandisha kipindi mtandaoni. Mtangazaji alilalamika kwamba wasikilizaji watadhani intaneti imekatika. Mkasi akamwambia waache wadhani.

Siku zikapita. Mama simu alitembea nayo mpaka jikoni. Jumapili mchana ikalia akiwa anaosha vyombo. Alikuwa na mikono ya povu, akamkonyeza Mkasi aipokee kwa spika.

"Mama," ilisema sauti nzito ya kaka yake Mkasi, "uliposema 'sija' nilitaka kuzima."

"Hukuzima?"

"Sikuzima."

Mama akakaa chini polepole, akamwita mwanawe wa kwanza kwa jina lake, jina ambalo halikuwa limetamkwa nyumbani mle tangu mazishi. Mkasi aliiweka simu mezani karibu naye, akatoka nje, akalia huku majirani wakimwona.