Ilani kwa Bi Ardith

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na shule ya bweni yenye kwaya mbili na adhabu tisa, natangaza kwamba jangwa la Arizona ni mali ya umma, na kila raia ana haki ya kulala humo bure. Siku kumi na nne tu. Baada ya hapo unahama, au askari wa ardhi anakuhamisha. Likizo zangu zote huishia humo, kwenye gari la mama.

Jirani yetu, Bi Ardith, aliyeishi kwenye gari lake, alihesabu siku kwa kokoto. Jumamosi, siku yake ya kumi, binti yake Corliss angekuja. Hawakuwa wameonana miaka sita. Bi Ardith hakuwa na simu. Alimwandikia tu barua kwamba wakutane njia ya pili baada ya tangi la maji, kwenye jiwe jeupe.

Ijumaa jioni, mama alipopewa lifti kwenda zamu ya usiku, nilibandika ilani ya serikali niliyoitunga mwenyewe kwenye kioo cha Bi Ardith: umekosea hesabu, ondoka kabla ya mapambazuko, usiache nyuma hata karatasi. Nilikusudia kumcheka asubuhi. Bahati mbaya nililala mpaka saa nne, na yeye, mtu wa kufuata sheria, alikuwa ameshaondoka.

Corliss alifika adhuhuri na keki iliyokwisha kuyeyuka. Mimi na mama tulizunguka naye mpaka jioni. Alama za matairi zilikwenda kila upande.

“Kanikimbia tena,” alisema.

Mama akamwambia huenda kuna sababu.

“Sababu ni mimi, dada. Sirudi tena huku.”

Hapo mama akaiona ilani imenasa kwenye kichaka cha miiba. Akaisoma, akaigeuza. Nyuma yake ulikuwa mtihani wangu wa aljebra, kumi na moja kwa arobaini, na jina langu kamili. Akanigeukia.

“Bi Ardith hawezi kuondoka bila kuacha neno kwa mtu,” alisema. “Hakuja kwetu?”

Nikasema nilikuwa nimelala.

“Nakuuliza tena, mwanangu.”

Corliss naye alikuwa akinitazama, funguo mkononi.

“Alikuja,” nikasema. “Aligonga mara tatu, akaniita kwa jina. Nilikuwa macho. Nilijifunika blanketi nikicheka, mpaka nikasikia gari linaondoka.”