Komunyo ya Bibi Gertruda

Tina alipopangiwa kazi ya uuguzi katika zahanati ya Mkange, jambo la kwanza aliloulizia halikuwa nyumba wala maji, bali kanisa. Kwao Tukuyu baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na tangu utoto hakukosa ibada ya Jumapili isipokuwa akiumwa. Mkange hapakuwa na Wabaptisti. Palikuwa na msikiti, na nyuma ya shule palikuwa na kigango cha Wakatoliki, jengo la matofali lisilopigwa lipu. Padre alifika hapo mara moja kwa mwezi, na masika yakikolea hakufika kabisa.

Mwaka wa kwanza alisali peke yake chumbani. Alifungua Biblia, akaimba wimbo mmoja kwa sauti ndogo asije akamsumbua Bi Zuleha, mwenye nyumba, akaomba, ikawa imekwisha. Saa nne ilikuwa haijafika, na Jumapili nzima bado iko mbele yake. Bi Zuleha alikuwa mtu mwema. Mwezi wa Ramadhani alimletea futari ingawa alijua hafungi. Lakini Bi Zuleha alikuwa na wanawe na wajukuu, na Tina alikula huku akisikia vicheko vyao upande wa pili wa ukuta.

Mwaka wa pili akaanza kwenda kigangoni. Alijiambia anakwenda kuimba tu. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Jumapili nyingi hapakuwa na Misa. Katekista Cosmas, mtu mnene mwenye maneno mengi ambaye siku za kazi alitengeneza baiskeli, aliongoza masomo na sala, kisha watu wakarudi makwao. Kilichomshangaza Tina ni jinsi walivyohesabu wiki. Bado tatu, waliambiana wakitoka. Bado mbili. Walikuwa wakiingoja Komunyo. Kwa Tina, Chakula cha Bwana kilikuwa ukumbusho, mkate wa dukani na juisi ya zabibu, na ibada ikiisha mama yake aliwagawia watoto mabaki wakanywea chai. Hakuona kwa nini watu wazima wahesabu wiki kwa ajili ya kipande cha mkate.

Masika ya mwaka huo Bibi Gertruda, mzee wa kigango kile, alikuwa kitandani na kansa ya koo. Tina alikwenda kwake kila jioni kumsafisha vidonda na kumpa dawa ya maumivu. Siku moja bibi alikataa uji, akakataa hata maji, akasema anachotaka ni Komunyo tu. Gari la padre lisingeweza kupita. Cosmas alikuwa na ruhusa ya kuwapelekea wagonjwa Komunyo, akaamua kuifuata parokiani kwa bodaboda. Tina naye siku hiyo alikuwa na safari ya kuchukua chanjo kwenye kituo cha afya cha hukohuko, basi wakapanda pikipiki moja, dereva mbele, Tina katikati, Cosmas nyuma.

Kwenda, Cosmas hakunyamaza. Alisimulia bei ya ufuta, ugomvi wa mashemeji zake, na tembo walioingia shambani kwake wakala mahindi yakiwa mabichi. Tina alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Ilikuwa muda mrefu hajacheka hivyo.

Kurudi, walipofika bondeni walikuta maji yamefunika daraja, na dereva akakataa kuvuka. Wakashuka, wakaenda kwa miguu. Tina alibeba kikasha cha chanjo begani. Cosmas alikuwa na kifuko cheupe cha Komunyo kilichoning'inia shingoni, ndani ya shati. Maji yaliwafika mapajani, naye akavuka mkono mmoja umefunika kifua. Walitembea karibu saa mbili, na muda wote huo hakusema neno. Tina alidhani amepokea habari mbaya kule parokiani. Alimuuliza, akatikisa kichwa, akatabasamu, akaendelea kutembea.

Nyumbani kwa bibi, binti yake Scola alikuwa ametandika kitambaa cheupe juu ya stuli na kuwasha mshumaa, ingawa jua lilikuwa bado linawaka nje. Wote wakapiga magoti. Tina akabaki amesimama, kisha akaona aibu, akapiga magoti naye. Cosmas alimega hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo, akatoa kipande kidogo kama punje ya mchele, na bibi aliyekataa uji akafungua kinywa. Tina alimpa maji kijiko kimoja, akihofia atapaliwa. Bibi alimeza. Cosmas akalowesha kidole, akakipitisha juu ya kitambaa mahali ambapo Tina hakuona kitu chochote, akakiramba.

Tina akainuka ili apime presha. Bibi akamshika mkono.

"Tulia kwanza, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imebaki nyuzi tu. "Mgeni ndiyo kwanza amefika."

Walipotoka nje Cosmas aliinama kukamua suruali yake. Tina alimuuliza kwa nini njia nzima alikuwa bubu.

"Nilikuwa na Bwana kifuani, nesi," alijibu. "Ningekuwa naongea habari za ufuta?"

Hakuwa anahubiri. Alilisema kama mtu anayesema mto umejaa. Bibi Gertruda alifariki siku ya nne, na Tina akabaki na maneno yale ya Cosmas.

Alikirudia kitabu cha Yohana, sura ya sita, aliyoijua tangu utoto. Baba yake alizoea kufundisha kwamba pale Yesu anapowaambia watu waule mwili wake, alisema kwa mfano. Sasa Tina aliona jambo ambalo miaka yote alilipita: wanafunzi wengi walichukizwa na maneno yale wakaondoka, naye hakuwaita kuwaambia kwamba wamemwelewa vibaya. Aliwaacha waende.

Miezi michache baadaye aliitwa Bagamoyo kwenye semina. Alasiri moja akaingia kanisa la misheni, akaketi mbele ya tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Komunyo, kwa saa nzima. Hakuna kilichotokea. Hakusikia sauti, hakutoa machozi. Alifikiria nauli na chakula cha jioni. Lakini alipoinuka alijikuta anatembea polepole, akiinua ndala zisilie, kama mtu anayetoka katika chumba ambamo mwenzake yumo. Hakuna aliyemfundisha kutoka vile. Mlangoni akajua kwamba anaamini, na jambo hilo halikumfurahisha, kwa sababu alimkumbuka baba.

Alisoma mafundisho kwa Cosmas karibu mwaka mzima, mwanafunzi pekee mtu mzima. Padre alimweleza kwamba hatabatizwa tena, kwani ubatizo ni mmoja, ila anahitaji uthibitisho wa ule wa kwanza. Uthibitisho huo ungetoka kwa mtu mmoja tu.

Tina alimweleza baba kwa simu.

"Nilikuzamisha mimi mwenyewe mtoni Kiwira," alisema baba. "Hayo maji hayakutosha?"

"Yalitosha, baba. Ndiyo maana sibatizwi tena."

"Sasa huko unatafuta nini?"

Tina alikuwa ameandaa majibu, na aya zake. Yote yalimtoka.

"Komunyo," alisema.

Baba akakata simu. Kuanzia siku hiyo hakupokea tena. Kaka yake alimtoa kwenye kundi la familia la WhatsApp bila kumwambia neno. Baba akiwa shambani, mama alimpigia Tina, wakaongea dakika mbili tatu kwa kunong'ona. Jioni Tina alikaa barazani akisikia adhana, kisha akaingia ndani kupika chakula cha mtu mmoja.

Mwezi wa Agosti bahasha ikafika kwa basi. Hamkuwa na barua. Mlikuwa na karatasi moja ya mistari, kwa mwandiko wa baba: nathibitisha kwamba nilimbatiza binti yangu Tina katika mto Kiwira kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Sahihi, muhuri wa kanisa. Neno "binti yangu" halikuhitajika katika uthibitisho. Tina alilisoma mara nyingi kabla ya kumpelekea padre karatasi ile.

Alipokewa Jumapili ya Septemba. Bi Zuleha alimpigia pasi gauni, Scola akawa msimamizi wake. Alikiri imani, akapakwa mafuta ya krisma, na zamu yake ilipofika padre akainua hostia mbele yake.

"Mwili wa Kristo."

"Amina."

Alirudi kwenye benchi, akainamisha kichwa, akafumba macho. Alipofungua macho watu walikuwa wametoka, kila mmoja na wa kwao.

Akiwa nje alipiga simu nyumbani. Mama akapokea. Tina alimwambia kwamba imekwisha, amepokea. Mama akasema sawa, mwanangu, akauliza kama huko mvua imenyesha. Karibu kabisa na simu Tina akasikia mtu akikohoa, kikohozi alichokijua maisha yake yote. Alingoja. Baadaye kidogo mama akamwambia asije akamaliza salio lake.

Tina alivua gauni, akavaa sare, akaenda kushika zamu ya mchana.