Taa za Mashua Kwenye Pikipiki ya Shihab

Famau alikuwa fundi wa mashine za mashua. Pikipiki hakuwa na habari nazo. Alizipanda ilipobidi, akashuka, basi. Hii iliyosimama uani kwake, imefunikwa nyavu kuukuu, ilikuwa ya mwanawe Shihab, na Shihab alikuwa amezikwa juma lililopita. Alipigwa risasi njia ya sokoni, hapo hapo Kismayu, na watu ambao hakuna aliyethubutu kuwauliza kisa. Pikipiki ilianguka naye. Taa ya mbele ilisagika na gurudumu la nyuma likapasuka, ndiyo maana hawakuichukua. Majirani walimleta Shihab juu ya mkokoteni, na nyuma ya mkokoteni mmoja wao akaisukuma pikipiki.

Famau hakulia. Watu walimsifu kwa subira. Haikuwa subira. Alikuwa kama mtu aliyeukalia mguu wake mpaka ukafa ganzi, ila yeye ganzi ilikuwa imempanda mwili mzima, na hakujua ni wapi pa kusugua.

Jana mwanamume mwenye bunduki alikuwa amesimama mlangoni akiuliza ile piki iko wapi. Famau alimwambia imekufa. Yule mtu akasema hata iliyokufa ina vyuma, atakuja na wenzake Ijumaa wakishatoka msikitini. Kisha akatupa jicho kwenye dirisha la chumba cha Rawda, mjane wa Shihab, akauliza na yule ni nani. Yule mtu akacheka, akaenda zake.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Kwa hiyo waondoke alfajiri, watatu juu ya pikipiki moja: Famau, mkewe Mwanatumu, na Rawda katikati yao na mimba yake ya miezi saba. Washike njia ya porini kusini mpaka Kiamboni, wavuke mpaka wa nchi, waingie Kiunga. Kwa bahari haikuwezekana tena. Mashua za matanga zilikuwa zimekwisha kuondoka na watu wamekaa mpaka juu ya mabega ya wenzao. Za mashine zilikuwepo, lakini mashine zenyewe zilichukuliwa. Famau mwenyewe ndiye aliyeamrishwa kuzifungua, mtutu ukiwa kisogoni, na alizifungua vizuri, hakuharibu hata skrubu moja.

Penye kizuizi cha kutokea mjini walinzi hutafuna miraa usiku kucha na alfajiri usingizi huwaangusha. Hapo pikipiki ingesukumwa kimya kimya, kupitia vichakani. Baada ya hapo ni giza na mchanga na mashimo. Mbaraka, jirani yao anayeanika papa, alikuwa amejaribu njia hiyo siku chache nyuma, tochi ameifunga kwenye usukani. Alirudi kwa miguu, mtulinga umevunjika, baiskeli ameiacha shimoni. Sasa alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi cha Mwanatumu, mkono umefungwa kwa leso shingoni, anamtazama Famau akifanya kazi.

"Taa moja haitoshi," Mbaraka alisema. "Ukiielekeza mbali, shimo huioni. Ukiielekeza chini, unaona shimo wakati ushaingia. Mimi nilikuwa naliona shimo vizuri sana. Nilikuwa ndani yake."

"Nina mbili," Famau alisema.

Alikuwa nazo mbili kweli, taa za mashua, alizozifungua kwenye mashua yake mwenyewe baada ya kung'olewa mashine. Zilikuwa nzito, za shaba, na vioo vyake vimeingiwa na ukungu wa chumvi. Alizifunga kwenye usukani kwa vipande vya mpira na waya wa chuma, moja kila upande. Gurudumu alikwisha kuliziba asubuhi. Kilichobaki ni waya wa umeme.

"Utavua pweza na hiyo piki?" Mbaraka aliuliza.

"Nyamaza unishikie hapa."

Mwanatumu alikuwa mlangoni mwa jiko, akifunga mikate ya mofa ya safari ndani ya kitambaa. Tangu mazishi hakuwa akimwita mumewe Baba Shihab, wala Famau hakumwita yeye Mama Shihab. Walikuwa wakiitana "wewe", kama watu waliokutana kisimani.

"Wewe," Mwanatumu alisema. "Umezungumza naye?"

"Nimezungumza."

"Amesemaje?"

"Alivyosema jana."

Rawda alikuwa amesema haendi. Alikuwa edani, na eda ya mwenye mimba humalizika akijifungua, na hukaliwa katika nyumba alimomwacha mumewe. Mwalimu wa msikiti alikuwa ametuma maneno kwamba penye hofu ya roho mwanamke anaruhusiwa kuhama, eda ataimalizia huko aendako. Rawda alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, mwalimu," akarudi ukutani kwake. Mwanatumu alimbembeleza, akamfokea, akalia. Rawda alimjibu neno moja tu: "Nikitoka mimi, humu amebaki nani wa kumkalia?" Baada ya hapo hakusema tena. Chakula alikila akipewa.

Na Famau alijua kwamba hawezi kumbeba mwanamke mjamzito kwa nguvu akampakia kwenye pikipiki. Wala hangeweza kumwacha. Akifika hapo mawazo yalikwama, akarudi kwenye waya.

Waya wenyewe ulikuwa mfupi. Aliupima kutoka kwenye betri chini ya kiti, akaupitisha kwenye swichi, akaufikisha kwenye taa ya kulia. Hapo akakata. Halafu akapima wa pili, kutoka kwenye taa kurudi betrini. Kwenye mashua ndivyo inavyofanywa. Mbao hazipitishi umeme, kwa hiyo kila taa ina waya wake wa kwenda na waya wake wa kurudi, na maungio yake hupakwa nta yasiingie maji ya chumvi. Famau alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu alipotoroka chuo huko Koyama, akiwa hajamaliza juzuu yake ya kwanza, na vidole vyake viliifanya bila kumuuliza. Aliyeyusha kipande cha mshumaa akapaka nta.

Taa ya kulia ikawaka. Kwenye mwanga wa jua la mchana ilikuwa kidoa cha manjano tu, lakini ilikuwa imewaka.

"Mashallah," Mbaraka alisema. "Na ya pili?"

Famau aliushika waya uliosalia. Ulifika kwenye taa ya kushoto. Wa kurudi haukuwepo.

"Kata wa kengele ya mlangoni," Mbaraka alisema.

"Nyumba hii ina kengele tangu lini?"

"Basi wa redio."

"Redio waliichukua na waya wake."

Mwanatumu aliacha kufunga mofa. Mji ulikuwa umepekuliwa mara nyingi mno, waya ulikuwa umechunwa mpaka kutoka kwenye kuta, na kila mmoja pale uani alijua. Famau alikaa chini, ncha ya waya mkononi. Hakukasirika. Aliona tu kwamba hapo ndipo mambo yalipoishia, na hata hilo lilimjia kwa mbali, kama habari ya watu wa mji mwingine.

"Baba."

Sauti ilitoka dirishani. Wote watatu waligeuka. Rawda alikuwa amesimama nyuma ya pazia, wakaona kivuli chake.

"Labeka, mwanangu," Famau alisema.

"Piki haina waya wa kurudi."

"Vipi?"

"Haina. Chuma chenyewe ndicho kinachorudisha. Betri imefungwa kwenye chuma tangu huko ilikotengenezwa, tazama chini ya kiti. Taa nayo unaifunga kwenye chuma, basi. Shihab alipofunga ile honi yake mimi ndiye niliyemshikia tochi."

Famau aliinamisha kichwa akatazama chini ya kiti. Kweli, waya mweusi mnene ulitoka kwenye betri ukaishia kwenye bolti ya fremu. Alikuwa ameuona asubuhi. Alidhani ni kamba ya kuishikilia betri isiruke.

"Mchu mzima," Mwanatumu alimwambia, kwa Kibajuni chao, taratibu. "Umetengeneza mashua."

"Ndiyo ninayoijua."

Alichukua kipande kifupi cha waya, akakifunga upande mmoja kwenye taa ya kushoto na upande wa pili akaukaza chini ya bolti ya fremu. Akabonyeza swichi. Kulia iliwaka. Kushoto kimya.

"Rangi," Rawda alisema dirishani.

"Rangi imefanya nini?"

"Umefunga juu ya rangi. Lazima uikwangue mpaka ukione chuma. Kisu kipo juu ya mtungi."

Fremu ilikuwa ya kijani. Ilinunuliwa nyeusi, ikiwa imechakaa, na Shihab aliipaka mwenyewe mwezi aliooa, rangi iliyobaki kwenye mashua ya baba yake, mara mbili, kwa brashi ndogo, na kwa siku kadhaa hakumruhusu mtu kuigusa. Famau ndiye aliyempa ile rangi. Alimwambia anaiharibu, ya mashua haikai juu ya chuma. Ilikuwa imekaa.

Aliifungua bolti. Akaweka ncha ya kisu. Mkono haukwenda.

Mbaraka akatazama pembeni. Mwanatumu alipiga hatua moja kutoka jikoni akasimama. Famau alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe, kama mashine iliyozimika ghafla, na fundi bado hajajua penye ubovu.

Ndipo mlango wa chumba ulipofunguka. Rawda alitoka na nguo zake za eda, tumbo mbele, akavuka ua akachuchumaa kwa shida karibu na pikipiki. Hakumtazama mtu. Aliuchukua mkono wa Famau uliokuwa na kisu, si kwa kumnyang'anya, akausukuma. Kijani kikatoka. Chini yake kulikuwa na nyeusi, na chini ya nyeusi, chuma.

"Pana zaidi," alisema. "Taa isije ikazimika njiani."

Famau akakwangua pana zaidi. Safari hii mkono ulikwenda wenyewe. Kitu fulani kilimuuma chini ya mbavu, kidogo, kikapita. Akarudisha bolti, akaikaza, akapaka nta. Akabonyeza swichi na taa zote mbili zikawaka.

"Umetoka chumbani," Mwanatumu alimwambia Rawda.

"Ua ni wa nyumba, mama."

"Na njia ya Kiamboni?"

Rawda alikuwa bado ameshika fremu, pale palipokwanguliwa. Alikaa hivyo mpaka Mbaraka akaanza kukohoa bila sababu.

"Hii nayo ni ya nyumba," Rawda alisema. "Itakapolala hii, hapo ndipo nitakapoikalia eda yangu. Na isiuzwe kabla sijajifungua. Mniapie."

"Haiuzwi," Famau alisema.

"Sema wallahi."

"Wallahi haiuzwi."

Rawda akainuka, Mwanatumu akamshika kiwiko. "Zima hizo taa, baba," Rawda alisema. "Unamaliza betri."

Alfajiri waliipitisha pikipiki vichakani, kando ya kizuizi, Famau akisukuma na Mwanatumu akisukuma nyuma, Rawda akitembea kando yao na furushi la nguo kichwani. Kutoka kizuizini walisikia mtu anakoroma na mwingine anacheka usingizini. Hakuna aliyeamka. Walipokuwa mbali vya kutosha, wakapanda. Mashine ilikataa mara ya kwanza, ikakubali. Famau aliendesha gizani kidogo, miguu yote miwili inaburura mchangani, kisha akabonyeza swichi.

Ya kulia ilitupa mwanga mbali, kwenye miiba na mgongo wa mnyama aliyekimbia. Ya kushoto ilimulika mchanga mbele ya gurudumu.

"Shimo, baba," Rawda alisema sikioni mwake. "Shika kulia."

Alishika kulia. Shimo likapita kando yao.

"Baba Shihab," Mwanatumu alisema kutoka nyuma, "polepole."

Akapunguza mwendo.