Mama Kichupani

Asubuhi moja binti mmoja, fundi wa maabara, alikuwa mezani pake, akibandika lebo kwenye vichupa: "Protini ya binadamu. Kwa utafiti tu. Isitumike kwa binadamu." Alipoinua kichupa kimoja akikague, mama yake, aliyefariki mwaka jana, alikohoa humo ndani.

"Mwanangu, umekula?"

"Bado, mama."

Mwenzake wa meza ya pili alisogeza kiti, maana si adabu kusikiliza mazungumzo ya watu.

Mama hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alieleza kwamba alipokuwa mgonjwa, mkurugenzi wa maabara hii ndiye aliyemtoa damu. Wafanyakazi walimwita mkurugenzi huyo Kola, kama kola ya shati iliyotiwa wanga, kwa jinsi shingo yake isivyoinamia mtu mdogo. Alimsimamisha mama kwenye korido ya hospitali, akamwambia ni kipimo tu. Kumbe alikuwa akisaka jeni yake moja. Akaipandikiza kwenye bakteria, na sasa bakteria walikuwa wakitengeneza protini yake, wakimpika mama kwenye matangi kama uji.

Kola aliitwa. Akaja na kikombe chake cha chai.

"Ulimwomba nani ruhusa?" mama akamuuliza.

Kola akamjibu binti. "Lebo inasema nini? Kwa utafiti tu. Mimi sijibizani na bidhaa."

"Mtu mzima hovyo," mama akasema. "Mwizi wa kuku angalau hungoja mwenye kuku alale. Wewe uliniiba nikikutazama, tena nikakushukuru."

Kola akapuliza chai yake. Akaagiza sauti hiyo itajwe kwenye matangazo, iwe ushahidi kwamba protini ni ya binadamu kweli. Wanunuzi wakapiga simu kuhakikisha. Mama akawatukana mmoja mmoja, nao wakasifu ubora. Maagizo yakamiminika.

Binti akakusanya vichupa vyote karibu na sinki.

"Ukinimwaga watanipika tena," mama akasema. "Nawe utafukuzwa, wadogo zako walale njaa. Fanya kazi, mwanangu."

Akafanya. Gari la mizigo lilipofika mchana, alimpanga mama sandukuni, kichupa kwa kichupa.

"Tunapelekwa wapi?"

"Ng'ambo, mama. Kwenye maabara nyingine."

"Na hao wana adabu?"

Binti alivuta utepe wa gundi, akaukata kwa meno, akaziba sanduku.

"Ni wateja wa Kola, mama."