Wingu Lisilo na Namba

Kikao cha tisa kilianza na ajenda ileile: wingu ni nini? Mtunza kumbukumbu wa hospitali alikaa mwisho wa meza, akiomba kimoyomoyo wakubaliane walinunue. Kompyuta kuu ya chumba chake ilikuwa mahututi, inazimika mara mbili kwa siku, na humo ndimo zilimokuwa picha zote za wagonjwa, pamoja na za uvimbe wa kichwani mwa mama yake, za miaka minne. Daktari wa upasuaji alishasema, bila kuzilinganisha hashiki kisu.

"Ni kompyuta za watu, ziko mbali. Sisi tunahifadhi vitu vyetu humo," fundi alieleza.

"Basi ni mkataba wa pango," mwanasheria akadakia. "Jengo liko wapi?"

"Ni huduma," alisema afisa ununuzi. "Ila fomu ya huduma inataka tarehe ya kumalizika."

"Haimaliziki," fundi akajibu, na hapo akaharibu kila kitu.

Mzee wa bohari alikuja na kopo lake la rangi. "Kila kinachoingia hapa nakiandika namba, hata ndoo. Nionyesheni hilo wingu niliandike, nitie saini, twende zetu."

Walicheka, lakini mzee hakuwa na mzaha. Aliyemtangulia alifungwa kwa kusaini vitanda ambavyo hakuviona.

"Jamani, liiteni hata ungo, mradi linunuliwe!" mtunza kumbukumbu alisihi. "Kompyuta inakufa!"

"Dada, haraka haraka haina baraka," mwenyekiti alisema. Watu wazima, vyeti tele ukutani, wakaahirisha hadi Alhamisi.

Jumatano kompyuta ilizimika, isiwake tena. Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akahangaika nayo mpaka jioni.

"Pole, dada. Hakuna kilichopona."

Kesho yake daktari alimwambia mama waanze upya: wapige picha, wangoje mwaka, waone uvimbe unakwendaje. Mama, ambaye siku hizi hatembei bila kushika ukuta, alimgeukia binti yake. Miaka yote aliwatambia majirani kwamba mwanawe ni mtu mkubwa hospitalini.

"Mwanangu, si unafanya kazi humu humu? Waambie wenzako wazitafute."

"Niliwaambia, mama. Vikao tisa niliwaambia."

Mama akamwonea huruma.

"Kumbe na wewe hawakusikilizi," alisema, akamwomba mkono ainuke, waende nyumbani.